Kumfundisha Mwanafunzi Kutafuta na Kupima Habari za Mtandaoni: Mwongozo wa Mwalimu kwa Mfano wa Vita vya Maji Maji

Mwaka juzi niliwapa wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu swali moja la likizo: ni watu wangapi walikufa katika Vita vya Maji Maji? Shule ilipofunguliwa nilikusanya karatasi. Wengine waliandika 75,000, wengine 300,000, na wengine "maelfu kwa maelfu". Mmoja aliniletea kurasa mbili safi kabisa, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri, zinazohusu timu ya mpira ya Majimaji ya Songea. Nilipouliza majibu yametoka wapi, darasa zima liliitikia kwa neno moja: "Google."

Siku hiyo niliona kosa ni langu. Nilikuwa nimewatuma sokoni bila kuwafundisha kununua. Google ni dalali tu: inakupeleka mpaka mlangoni, lakini nyumba ina mwenyewe, na dalali naye ana masilahi yake katika nyumba anazokuonyesha kwanza. Tangu hapo nimekuwa nikifundisha kazi hii hatua kwa hatua, muhula mzima, nikitumia swali lilelile la Maji Maji. Ninayoyaandika hapa ni yale yaliyofanya kazi darasani kwangu. Mwalimu wa Baiolojia au Jiografia anaweza kubadilisha mfano na kuacha hatua zilivyo.

Vifaa, kwa hali halisi ya shule zetu

Huhitaji maabara ya kompyuta yenye mashine arobaini. Kwenye shule nyingi za bweni simu haziruhusiwi, na umeme hukatika. Mimi hutumia kompyuta mpakato moja, projekta ya kuazima, na simu yangu ya kugawa intaneti. Kama projekta haipo, usiku wa kuamkia kipindi, bando likiwa nafuu, nafungua kurasa tano au sita, napiga skrinshoti, nachapa nakala nane, moja kwa kila kundi la wanafunzi watano. Skrinshoti lazima ionyeshe anwani ya ukurasa pale juu, maana nusu ya somo iko kwenye anwani ile. Kila mwanafunzi awe na daftari dogo la vyanzo, tutalirudia mwishoni.

Hatua ya 1: Swali liandikwe kabla ya kugusa mashine

Mwanafunzi akikaa mbele ya kompyuta bila swali, atasoma atakachopewa. Kwa hiyo dakika kumi za kwanza ni za karatasi na kalamu. Waandike swali kamili, kisha chini yake waandike mambo matatu: ninachojua tayari, ninachokitafuta hasa, na ni nani anayeweza kujua.

Hilo la tatu ndilo gumu, na usilipitie haraka. Nani anaweza kujua idadi ya waliokufa mwaka 1905 hadi 1907, kusini mwa Tanganyika? Wanafunzi wangu husema "serikali". Nauliza, serikali ipi? Hapo ndipo wanagundua kwamba waliokuwa wakihesabu na kuandika ripoti ni Wajerumani, waliokuwa upande mmoja wa vita. Wengine ni wanahistoria waliofanya utafiti baadaye, Makumbusho ya Maji Maji pale Songea, na wazee waliosimuliwa na wazazi wao. Kabla ya kubofya chochote, darasa limeshapata orodha ya watu wa kuwatafuta.

Hatua ya 2: Kuchagua maneno ya kutafutia

Andika "majimaji" peke yake na utapata mpira wa miguu, uwanja wa Songea, na pengine makala ya ugonjwa wa kutokwa na majimaji. Yule mwanafunzi wangu hakuwa mvivu. Neno lake ndilo lililompeleka uwanjani. Onyesha mbele ya darasa jinsi matokeo yanavyobadilika kadiri unavyorekebisha maneno:

Weka alama za kunukuu, "Vita vya Maji Maji", na utapata kurasa zenye maneno hayo kwa mfuatano huo.

Weka alama ya kutoa mbele ya neno usilolitaka, bila nafasi kati yake: Majimaji Songea -mpira -ligi.

Ongeza site:ac.tz ili upate kurasa za vyuo vya Tanzania tu, au site:go.tz kwa taasisi za serikali.

Ongeza filetype:pdf kama unatafuta ripoti, tasnifu au makala ndefu.

Hayo yanajifunzika katika kipindi kimoja cha dakika 40. Kinachohitaji subira ni lugha. Tafuta kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, na kama darasa limechangamka tafuta hata kwa Kijerumani: Maji-Maji-Aufstand. Neno Aufstand maana yake ni uasi. Waingereza nao wameandika rebellion, uasi vilevile. Sisi tunasema vita. Anayeasi ni yule aliyekuwa chini ya mtawala halali. Anayepigana vita anaweza kuwa analinda nchi yake. Mwanafunzi anayetafuta kwa neno "uasi" atapata kurasa za watu wanaoona tukio kwa jicho lile, na akitafuta kwa "vita vya ukombozi" atapata kurasa nyingine kabisa. Waambie watafute kwa maneno yote mawili. Kwa kuwa sasa lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, vijana wanalazimika kusoma vyanzo vya Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili, kwa hiyo jambo hili la maneno linawagusa kila wiki.

Hatua ya 3: Kusoma orodha ya matokeo kabla ya kubofya

Wanafunzi hubofya la kwanza. Wazuie. Wape dakika tatu za kusoma orodha tu, mikono ikiwa mezani. Watafute kwanza matangazo yaliyolipiwa, ambayo huwekewa alama kuwa yamedhaminiwa. Kisha wasome anwani ya kila tokeo.

Anwani husomwa kuanzia pale kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, ukirudi nyuma. Kwa Tanzania, go.tz ni ya serikali, ac.tz ni vyuo, sc.tz ni shule, co.tz ni kampuni na or.tz ni mashirika. Kenya wana go.ke na ac.ke kwa mtindo huohuo. Tovuti ya Baraza la Mitihani ni necta.go.tz. Mtu yeyote anaweza kusajili anwani inayoanza na neno "necta" na kumalizia na .com au .xyz, akasubiri msimu wa matokeo, vijana wakaja wenyewe kuacha namba zao za simu. Kwa hiyo mwanzo wa anwani haukuambii kitu; tazama mwisho wa sehemu ile iliyo kabla ya mkwaju.

Hata hivyo anwani nzuri haithibitishi kila kilichoandikwa ndani. Kwenye tovuti ya chuo kuna tasnifu ya daktari wa falsafa na kuna taarifa ya bonanza la wanafunzi.

Hatua ya 4: Kuuliza majirani

Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote, na kama una muda wa kufundisha jambo moja tu, fundisha hili.

Kwa miaka mingi tumewafundisha wanafunzi kuukagua ukurasa wenyewe: je, una jina la mwandishi, una tarehe, unaonekana nadhifu, una makosa ya tahajia? Mambo hayo yote mtu mwongo anaweza kuyatengeneza kwa siku moja. Mgeni akibisha hodi usiku humkagui usafi wa kanzu yake. Unauliza nani, anatoka kwa nani, na kunapokucha unamuuliza jirani kama anamfahamu.

Watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walilipima jambo hili, na matokeo yao yalitoka mwaka 2017. Waliwaketisha watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 wanaofanya kazi hiyo kitaaluma, na wanafunzi 25 wa chuo. Katika zoezi mojawapo waliwapa kurasa za vyama viwili vya madaktari wa watoto vyenye majina yanayofanana, American Academy of Pediatrics na American College of Pediatricians. Cha kwanza kilianzishwa mwaka 1930 na kina wanachama zaidi ya 60,000. Cha pili ni kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002. Wanahistoria na wanafunzi walikaa kwenye ukurasa ule, wakasoma kuanzia juu hadi chini, na wengi wakavutwa na unadhifu wake. Wahakiki wa habari waliuacha ukurasa karibu mara moja, wakafungua kurasa nyingine pembeni, wakatafuta wengine wanasema nini kuhusu chama kile, na wakapata ukweli kwa muda mfupi zaidi. Wasomi wa uzamivu walishindwa na watu waliojua kuuliza majirani.

Darasani nafanya hivi. Natoa ukurasa mmoja kuhusu Maji Maji ambao wanafunzi hawaujui. Kila kundi lina dakika tano na sharti moja: hawaruhusiwi kusoma makala yenyewe. Wanachukua jina la tovuti na jina la mwandishi, wanayatafuta pembeni, na wanaandika sentensi mbili: huyu ni nani, na wengine wanamsemaje. Kama hakuna intaneti, nachapa matokeo ya utafutaji huo upande wa pili wa karatasi. Mwanzoni wanalalamika, wanaona nimewazuia kufanya kazi. Kufikia zoezi la tatu kundi moja lilinyanyua mkono baada ya dakika mbili: mwandishi waliyempata ni muuzaji wa ziara za kitalii, na makala yake imenakiliwa neno kwa neno katika tovuti nyingine nne. Kundi jirani lilikuwa limezihesabu tovuti zile kama mashahidi watano wanaokubaliana. Kumbe ni shahidi mmoja aliyenukuliwa mara tano.

Wikipedia inafaa sana hapa, na nawasihi walimu waache kuipiga marufuku. Kwa kumtambua mtu au shirika haraka, ni jirani mzuri. Wafundishe kushuka mpaka chini kwenye tanbihi, maana huko ndiko vyanzo viliko, na wafungue historia ya ukurasa waone nani alibadilisha nini na lini. Katika insha wasiitaje Wikipedia. Wakitaje kile walichokikuta kwenye tanbihi, baada ya kukisoma.

Hatua ya 5: Kuifuata habari mpaka shinani

Sasa turudi kwenye namba zetu. Chukua 75,000. Uliza: nani aliitaja kwanza? Ukifuata tanbihi kutoka ukurasa hadi ukurasa unaishia kwenye takwimu za upande wa utawala wa Kijerumani. Chukua 300,000. Ukiifuata unafika kwa mwanahistoria Mtanzania Gilbert Gwassa, aliyekadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti inatokana na nini? Sababu moja inayoweza kuwa kubwa ni njaa. Wajerumani walichoma vijiji, ghala na mashamba, na watu wengi mno walikufa kwa njaa na maradhi, hata baada ya mapigano kwisha. Anayehesabu waliopigwa risasi na anayehesabu waliokufa kwa sababu ya vita hawawezi kupata namba moja.

Kisha naandika ubaoni idadi ya vifo vya upande wa pili: Wazungu 15 na Waafrika 389 waliopigana upande wa Wajerumani. Nanyamaza. Mara zote yuko mwanafunzi anayeliona: wale wamehesabiwa mmoja mmoja mpaka wa 389, na babu zetu wamekadiriwa kwa mafungu ya maelfu. Binti mmoja aliuliza, "Kwa hiyo mwalimu, hata majina yao hayapo?" Tulitumia kipindi kilichobaki kuzungumzia swali lake. Tulizungumza juu ya mashujaa walionyongwa Songea mwaka 1906, ambao makumbusho yale yanawakumbuka, na juu ya mradi wa mwaka 1968, ambapo wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walikwenda vijijini kuandika masimulizi ya wazee. Mengi ya yale waliyokusanya wao huyapati kwa kubofya. Ni vizuri mwanafunzi ajue mapema kwamba kuna ujuzi ambao mtandao haujaufikia, na kwamba babu wa jirani anaweza kuwa chanzo kinachostahili kuandikwa jina na tarehe kama chanzo kingine chochote.

Jibu ninalolipa alama zote si namba moja. Ni sentensi kama hii: "Takwimu za upande wa Wajerumani zinataja 75,000; Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000 kwa kujumuisha waliokufa kwa njaa."

Hatua ya 6: Tarehe

Hii ni fupi na wanafunzi huipenda. Waambie watafute Tanzania ina mikoa mingapi. Watakutana na 26, 30 na 31. Zote ziliwahi kuwa sahihi: mwaka 2012 iliongezwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 ukaongezwa Songwe, ikawa 31. Idadi ya watu vilevile: sensa ya 2012 ilitoa 44,928,923, ya 2022 ikatoa 61,741,120, na bado kuna kurasa zinazotoa ile ya kwanza kana kwamba ni ya leo. Urefu wa Kilimanjaro, ambao tumeukariri kuwa mita 5,895, ni wa vipimo vya mwaka 1952. Vipimo vya setilaiti vya 1999 na 2008 vilipata karibu mita tatu pungufu. Kwa kila namba mwanafunzi aandike imepimwa lini na nani.

Ukurasa uliofutwa au kubadilishwa unaweza kupatikana kwenye Wayback Machine, hazina ya Internet Archive. Unabandika anwani, unachagua tarehe, unauona ulivyokuwa.

Hatua ya 7: Picha

Mwanafunzi alileta picha ya watu waliofungwa minyororo shingoni, chini yake pameandikwa "mateka wa Maji Maji". Tuliipitisha kwenye Google Lens, programu ya kutafuta kwa picha badala ya maneno, tukaona inatumika kwenye kurasa za Namibia, kwa Waherero, waliopigana na Wajerumani haohao kuanzia 1904. Dhuluma ile ni ya kweli, lakini nchi siyo. Mwanafunzi atafute mahali picha ilipotokea mapema zaidi, pamoja na maelezo yake ya asili. Kwa picha za enzi ya Wajerumani, Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani ilitoa maelfu ya picha kwa Wikimedia Commons, hazina ya picha huria mtandaoni, mwaka 2008, nyingi zikiwa na mahali na mwaka, na ni bure kutumia. Maelezo yale yaliandikwa na watawala, kwa hiyo nayo yasomwe kwa macho mawili.

Hatua ya 8: Majibu ya akili mnemba

Siku hizi jibu linakuja juu kabisa, limeshafupishwa, hata kabla ya orodha ya kurasa. Na wenye simu nyumbani wanaiuliza ChatGPT moja kwa moja. Siwakatazi. Nawaeleza kwamba programu hizi huunganisha maneno yanayoelekea kufuatana, na kwamba huweza kutaja kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, tena kwa jina la mwandishi aliyepo kweli.

Zoezi: iombe programu ikupe vitabu vitano kuhusu Maji Maji, pamoja na mwandishi, mwaka na mchapishaji. Kila kundi lichukue kimoja, likitafute kwenye orodha ya maktaba ya chuo au kwenye Google Books. Kilichothibitika kiwekewe vema, kisichoonekana popote kikatwe kwa wino mwekundu. Kanuni ya darasa langu ni kwamba jibu la akili mnemba halihesabiwi kuwa chanzo. Linaweza kukupa maneno mapya ya kutafutia, ukarudi nayo hatua ya 2.

Hatua ya 9: Kutoka darasani kwenda kwenye WhatsApp

Kipindi kimoja nakitenga kwa ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya familia: nafasi za ajira "serikalini" zinazodai ada ya fomu, ufadhili wa masomo wa kujaza leo tu, dawa inayoponya maradhi yote. Haya yanagharimu watu pesa na uhai. Mwaka 2014, wakati wa Ebola Afrika Magharibi, uvumi kwamba maji ya chumvi yanakinga ulisambaa Nigeria, na wapo waliokufa kwa kuyanywa.

Hatua ni zilezile, ila kwa haraka. Nani ametuma mwanzo? Je, tangazo lipo kwenye tovuti ya taasisi yenyewe? Tafuta sentensi moja ya ujumbe ndani ya alama za kunukuu, uone kama wahakiki wameshaishughulikia: Africa Check, iliyoanza mwaka 2012, PesaCheck, na hapa nyumbani JamiiCheck na Nukta Fakti. Waeleze pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayesambaza habari za uongo kwa makusudi. Na wafanyie mazoezi namna ya kumwambia shangazi aliyetuma ujumbe ule. Kijana hawezi kumjibu mkubwa "huo ni uongo" mbele ya kundi zima. Darasa langu lilikubaliana na hili, litumwe faragha: "Shikamoo shangazi. Nimeangalia tovuti ya wizara, tangazo hili sijalikuta. Tusubiri kwanza kabla ya kutuma hela."

Daftari la vyanzo na namna ya kulisahihisha

Kila ukurasa wa daftari una safu tano: swali, maneno niliyotafutia, chanzo na anwani yake, majirani wanasemaje, na uamuzi wangu. Katika safu ya mwisho yanaruhusiwa maneno matatu: natumia, situmii, bado. Natoa alama moja kwa kila safu iliyojazwa kwa ukweli, na "bado" yenye sababu inapata alama sawa na "natumia". Bila hivyo watabuni uhakika ili kukufurahisha.

Nalisahihisha kila Ijumaa, madaftari kumi tu kwa zamu, kwa sababu yote arobaini kwa mara moja yatakuchosha na utaanza kutia vema bila kusoma. Yule mwanafunzi wa timu ya Songea alikuwa zamu ya tatu. Safu yake ya pili ilikuwa na maneno sita ya kutafutia, matano yamekatwa kwa mstari, na la sita limezungushiwa duara.